Risasi Iliyopasua Mgomba

Jumatano, tarehe sita ya mwezi wa kumi na moja. Mvua ilianza kabla jogoo hajawika na mpaka saa nne haijakata. Ukungu umekaa juu ya migomba, sioni hata nyumba ya jirani ng'ambo ya barabara. Siku ya namna hii shambani hakuna cha kufanya, kwa hiyo naandika.

Sina hakika kama haya yatamfaa mtu. Nilisoma mpaka darasa la nne, na barua zangu zote za kikazi zilirudishwa zimesahihishwa. Lakini juzi vijana wawili wa idara ya wanyamapori, wageni hapa Kasulu, walijikinga mvua barazani kwangu. Mmoja alikuwa akimweleza mwenzake kwamba risasi ya kasi haina mpinzani, ikimgusa mnyama popote basi mnyama chini. Mwenzake akasema, "Muulize mzee, alikuwa askari wa kazi hii." Nikaulizwa. Nikajibu, "Sijui." Wakacheka kwa adabu, mvua ikapungua, wakaenda zao. Tangu hapo sina raha. Jibu lile lilikuwa la kweli, ila lilikuwa fupi mno. Hili ndilo refu lake, vijana wangu, kama mtapata nafasi ya kulisoma.

Katikati ya miaka ya sabini, watu walipokuwa wamekwisha kuhamishiwa kwenye vijiji vipya, mashamba mengi yalijikuta yamepakana na pori. Mtu aliyekuwa akiishi kilimani na migomba ya babu yake sasa analima muhogo mahali ambapo nyati walikuwa wakinywa maji. Wanyama hawakupewa taarifa ya operesheni. Kazi yetu askari wa wanyamapori, ambao watu walituita mabwana nyama wadogo, ikawa kuzunguka na bunduki toka kijiji hadi kijiji, leo Munanila kwa nguruwe pori, kesho upande wa Kibondo kwa nyani na viboko.

Bunduki zetu zilikuwa za aina mbili. Nzito tuliiita tatu-saba-tano. Ile ilirusha kichwa cha risasi kikubwa, kigumu, kisicho na haraka, na bega lako lilikumbuka wiki nzima. Nyepesi tuliiita thati-sikisi, na hiyo ilikuwa ya nguruwe na swala. Risasi za tatu-saba-tano zilikuwa zinakwisha. Tuliandika kuomba, hazikuja. Badala yake kikaja kisanduku cha risasi mpya za thati-sikisi, nzuri ajabu kuzitazama, ganda linang'aa, kichwa chembamba chepesi chenye ncha laini ya madini ya risasi. Karatasi iliyokuja nazo ilisema zina kasi kuliko zote tulizowahi kupewa.

Mkuu wetu Kasulu alikuwa Bwana Mbwambo, Mpare, kijana aliyetoka chuoni. Naomba nimtendee haki, maana hadithi za wazee kama mimi hupenda kumfanya msomi aonekane mjinga. Hakuwa mjinga hata kidogo. Alituita sote "ndugu", na alitaka kila kitu kijaribiwe kabla hakijatumika.

Aliyenifundisha kazi ni mwingine, Mzee Ntakije. Alikuwa bado hajawa mzee, lakini sisi tulimwita hivyo kwa sababu alitutangulia na kwa sababu alipenda. Mha wa Titye, mfupi, mpana, na mtu wa maneno. Bwana Mbwambo akimwita "Ndugu Ntakije", yeye hujibu "Naam, bwana mkubwa", na Bwana Mbwambo humwambia, "Mambo ya bwana mkubwa yamekwisha, ndugu." Ntakije hujibu, "Ndiyo, bwana mkubwa." Ilikuwa hivyo kila asubuhi.

Nimwelezee Ntakije kwa tukio moja la Kibondo, la kabla ya hapo, mumjue. Tulikuwa na risasi kuukuu zilizoota kutu ya kijani kwenye ganda. Nikalenga nyani, nikavuta, ikalia "ta" kidogo halafu kimya. Nikashusha bunduki niitazame. Mara nikapigwa kofi mkononi, mtutu ukaelekea ardhini mbele yetu, na papo hapo risasi ikalipuka, tukaoga udongo. Ntakije akanipangusa uso. "Risasi ikikaa kimya usiiulize imepatwa na nini," akasema. "Iache itazame mbele mpaka ikasirike au ilale." Mpaka nastaafu, kila risasi iliyochelewa nilielekeza mtutu mahali pasipo na mtu, nikavuta pumzi taratibu, nikangoja, ndipo nikafungua. Na nyinyi fanyeni hivyo hivyo. Zenu ni mpya leo, kesho zitakuwa kuukuu.

Sasa majaribio.

Tulichagua kichuguu kikubwa nyuma ya kituo, kinene kiasi kwamba hakuna risasi ingetoka upande wa pili. Karatasi za shabaha hatukuwa nazo. Tuliomba mifuko mitupu ya saruji kwa mwenye duka mmoja mjini, mtu wa asili ya pwani, naye akatuuliza, "Wenzangu, nyumba ya mifuko mitupu inajengwaje? Nami nijenge." Tukachora duara kwa mkaa, tukabandika kwa uji wa muhogo. Uji wa muhogo unashika kuliko gundi, ila ukichelewa, mbuzi wanakula shabaha yako.

Siku ya kwanza mimi ndiye niliyepiga, kwa sababu macho yangu yalikuwa mazuri. Nikalaza mtutu juu ya gogo ili usitikisike. Risasi zote zikaenda juu ya duara, kundi zuri lakini juu. Bwana Mbwambo akasema labda risasi ni mbaya. Ntakije akasema, "Risasi haina kosa, huyu Kagoma anapepesa macho kama bibi harusi." Nikapiga tena, juu tena. Nilianza kuamini kwamba napepesa. Ndipo Bwana Mbwambo akaja akainama, akalitazama gogo, akaniambia niondoe mtutu, niweke mbao ya bunduki, pale mkono wa kushoto unaposhika, juu ya gunia la pumba. Nikapiga. Zikashuka zikaingia ndani ya duara, unaweza kuzifunika kwa kifuniko cha birika. Akaeleza kwamba mtutu unatetemeka wakati wa mlio, na ukiulaza juu ya kitu kigumu unaruka. Hilo alilisoma chuoni na lilikuwa kweli. Ntakije mwenyewe alikuwa amepiga miaka mingi juu ya magogo na kulaumu upepo.

Mengine tuliyapata wenyewe siku zilizofuata. Mtutu uliotoka kupakwa mafuta, risasi ya kwanza haina adabu, inaenda inakotaka, kwa hiyo ufute ukauke kabla ya kwenda porini. Mtutu wa moto hutawanya, upe muda upoe hata kama wanakijiji wanapiga kelele. Na risasi iliyolala juani kwenye bodi ya Landrova hupiga juu kidogo kuliko iliyotoka mfukoni, asubuhi ya baridi yetu hii ya milimani. Sijui sababu. Bwana Mbwambo aliijua, akanieleza, nikasahau.

Kwa shabaha basi, risasi zile mpya zilishinda kila kitu tulichowahi kushika. Ng'ambo ya bonde, mahali ambapo kwa tatu-saba-tano ningelazimika kulenga juu ya mgongo wa mnyama na kuomba Mungu, hizi zilikwenda moja kwa moja. Naandika hili wazi ili asije mtu akasema nilizichukia. Nilizipenda.

Lakini shabaha ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kujua risasi ikifika inafanya nini, na hapo kituo chetu kilikuwa na desturi yake. Tulikata migomba iliyokwisha kuzaa, ile ambayo ingetupwa, tukaisimamisha mitatu mmoja nyuma ya mwingine mbele ya kichuguu. Risasi ikipita yote mitatu na kuingia udongoni, imefaulu. Kisha aliyepiga huchukua jembe, anaichimba risasi yake mwenyewe, anaifuta, anaiweka mfukoni mpaka msako uishe. Hatukwenda kwa nyati bila kuishika kwanza risasi ndugu ya ile tuliyoibeba. Aliyeanzisha desturi hiyo ni Ntakije.

Tatu-saba-tano ikapita migomba mitatu kama sindano kwenye kitambaa, tundu dogo kuingia na dogo kutoka. Nikaichimba, ikatoka nzima, imepinda ncha tu.

Ikaja zamu ya mpya. Bwana Mbwambo alisimama pembeni aone vizuri, amevaa shati jeupe kwa sababu alikuwa na kikao bomani. Nikavuta. Mgomba wa kwanza haukutobolewa, ulipasuka. Ulifunguka kama mtungi ulioangushwa, vipande vikaruka juu na maji yake yakamwagika pande zote. Tulipofungua macho, Bwana Mbwambo alikuwa na madoa toka kola hadi mkanda. Nyinyi mnaojua utomvu wa mgomba mnajua kwamba lile shati lilikuwa limekwisha.

"Bwana mkubwa," Ntakije akasema, "hilo sasa ni shati la kazi."

"Ndugu Ntakije, mke wangu ndiye aliyelinunua."

"Basi lala kituoni leo."

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Ntakije akaokota kipande cha mgomba, akakigeuzageuza, na nikaona usoni mwake kitu ambacho sikuwahi kukiona. Alikuwa amependa. Mtu aliyebeba bunduki nzito miaka yote, aliyetutukana tukisema nyepesi inatosha, alikishika kile kipande kama anashika mtoto. "Sha," akaniambia kwa Kiha, yaani mwenzangu, "fikiria hili ni bega la mbogo."

Mimi nikachukua jembe, desturi ni desturi. Mgomba wa pili ulikuwa umesimama. Ulikuwa na mikwaruzo na vitundu kama umepigwa changarawe. Wa tatu haukuwa na kitu. Nikachimba kichuguu hata hivyo, nikachimba mpaka mchwa wakanipanda miguuni. Sikuipata risasi.

"Unatafuta nini wewe?" Ntakije akauliza. "Mtu amekwisha kufa, unamuuliza jina?"

"Haijafika huku, mzee."

"Haikuwa na haja ya kufika. Kazi imeishia mlangoni."

Tulirudia mara kadhaa, na kila mara mgomba wa kwanza ulifunguka, watu wa jirani wakaja kutazama na kushangilia, na kila mara nilichimba bila kupata. Mgomba wote ni maji. Hilo ndilo lilikuwa kosa letu, na lilikuwa letu sote. Tulikuwa tumepima risasi kwa kitu kisicho na mfupa miaka yote, na kwa risasi nzito kipimo kilitosha, kwa hiyo hakuna aliyewahi kukiuliza swali. Nasema hivi leo. Siku ile sikuliona hivyo, niliona tu kwamba mkono wangu umerudi mtupu.

Kisha tukaenda Munanila, na Ntakije akampiga nguruwe pori dume mkubwa ukingoni mwa shamba la mahindi, mbali, mahali ambapo mimi nisingejaribu. Nguruwe hakupiga hata hatua. Watu wakambeba Ntakije mabegani. Njia nzima ya kurudi alikipakata kisanduku cha risasi mapajani.

Tulipofika Kasulu tukakuta ujumbe wa Titye.

Nyati dume, mzee, aliyefukuzwa kundini, alikuwa amepanda kutoka mabondeni na kufanya makazi kichakani kando ya kijito, katikati kabisa ya mashamba ya kijiji kipya. Alikuwa amemjeruhi mama mmoja aliyekwenda kuchimba muhogo, na sasa hakuna aliyethubutu kwenda shambani. Chakula kilikuwa ardhini na watu walikuwa na njaa majumbani. Titye ni kwao Ntakije. Yule mama alikuwa shangazi yake.

Bwana Mbwambo alituita uani. Risasi za tatu-saba-tano zilizobaki zilijaa kiganja, na baadhi zilikuwa na kutu ya kijani. Ntakije akasema hazihitaji, atakwenda na thati-sikisi na risasi mpya, nami nimfuate na thati-sikisi nyingine, tumalize siku moja. Alisema amechoka kubeba chuma.

Bwana Mbwambo alifikiri sana. Akasema, "Karatasi inasema ni za wanyama wa kati. Lakini karatasi haijaiona Kasulu." Kisha akanigeukia. "Ndugu Kagoma, wewe umezipiga kuliko sisi wote. Zinafaa kwa nyati au hazifai?"

Vijana, nilitaka sana kusema zinafaa. Ntakije alikuwa ananitazama. Ndiye aliyenipangusa udongo usoni Kibondo, ndiye aliyenisimamia hata nikaoa. Kusema hazifai pia sikuweza, kwa sababu nilikuwa nimeona migomba na nimemwona nguruwe. Nilipima huku na huku nikakosa pa kushika.

"Sijui," nikasema.

"Hujui nini?"

"Sijui zikifika ndani zinaendaje. Kila nilipochimba sikuikuta."

Ntakije akatema mate pembeni. "Amezipiga wiki nzima na hajui! Bwana mkubwa, mwulize pia kama anajua jina la baba yake."

Askari wengine wakacheka, nami nikatamani ardhi inimeze. Tangu siku hiyo jina langu likawa Sijui. Nilivuka wilaya nzima na jina hilo. Hata leo watoto wa hapa huniamkia, "Shikamoo, Mzee Sijui," wakidhani ni jina la ukoo.

Bwana Mbwambo hakucheka. Akasema, "Kama aliyepiga hajui, basi mimi najua kidogo zaidi ya hapo? Ndugu Ntakije utachukua unayoitaka, wewe ni mkubwa wa msako. Kagoma atabeba tatu-saba-tano." Ntakije akasema ni kumchosha bure mtoto wa watu. Nikazifuta zile risasi moja moja, nikatenga zenye kutu, nikajaribu moja kwenye kichuguu na nikaichimba. Hiyo nikaitia mfukoni.

Tuliingia Titye asubuhi. Nyasi zilikuwa ndefu na zina umande, suruali zililowa hadi kiunoni. Wanakijiji walibaki mwinukoni pamoja na Bwana Mbwambo. Ntakije alitangulia, akishuka pole pole na upepo usoni, na lazima niseme sijamwona mtu mwingine akitembea vile, mtu mpana asiyevunja hata kijiti.

Nyati alikuwa amesimama ukingoni mwa kichaka, ubavu kwetu, anatafuna. Ntakije akapiga goti, akatulia, akafyatua. Mlio ule mkali wa risasi ya kasi ukaenda kilimani na kurudi. Nyati akaanguka kwa magoti ya mbele. Mwinukoni wakapiga vigelegele. Kisha akanyanyuka, akaingia kichakani kama mtu anayeingia nyumbani kwake na kufunga mlango.

"Huyo amekufa," Ntakije akasema.

"Tungoje, mzee."

"Ngojea wewe."

Lakini alikaa, kwa sababu sheria ya kungoja ilikuwa yake mwenyewe. Alijaza kiko chake akavuta mpaka tumbaku ikaisha, na mimi nikasikiliza. Sikusikia ule mguno wa mwisho ambao nyati hutoa. Ndege tu. Tulipoingia, damu ilikuwa kwenye majani, usawa wa bega, nyekundu, kidogo, bila povu. Povu ndilo unalotaka kuona, maana povu ni mapafu. Nikamwonyesha kwa kidole. Akaitikia kwa kichwa kwamba ameona, na kwa mara ya kwanza tangu Munanila sikuona furaha usoni mwake.

Nyati hakutoka mbele. Alikuwa amezunguka akasimama ubavuni mwa nyayo zake mwenyewe, kama wanavyofanya. Nilisikia kichaka kinapasuka upande wa kulia. Ntakije akageuka, akafyatua bunduki ikiwa kiunoni mwake, bila kulenga, kisha kichwa kile chenye pembe kikamchukua pajani na kumtupa. Nyati akainama kumrudia. Nilikuwa karibu mno kiasi kwamba sikuona nyati mzima, niliona shingo tu. Nikapiga shingo inapokutana na bega. Tatu-saba-tano ikanirudisha nyuma nikakaa matakoni. Nyati akakunja miguu na kulala pale pale, pua yake imegusa buti la Ntakije.

Halafu sauti ya Ntakije, nyembamba, kutoka chini ya nyasi.

"Kagoma."

"Mzee!"

"Umempiga na ipi?"

"Ya zamani."

"Ilipita?"

"Sijui."

"Mpige tena basi, shetani wewe, usiniambie sijui nimelala hapa!"

Nikampiga tena. Nyati aliyelala mpige tena, hata kama unaona aibu kuharibu risasi.

Paja la Ntakije lilikuwa limevunjika. Bwana Mbwambo alishuka mbio mbele ya wote, akavua shati, akalichana kufunga mguu kwenye vijiti viwili vilivyonyooka. Lilikuwa lile lile lenye madoa. Kumbe mke wake alimwambia alivae porini mpaka liishe. Watu wa Titye wakasuka machela ya mianzi, wakambeba Ntakije hadi barabarani wakipokezana, na shangazi yake mwenyewe, mkono umefungwa kitambaa, akatembea pembeni akimfokea kwamba alimwambia tangu utotoni asichezee wanyama.

Nilibaki kuchuna. Nilitaka kujua. Risasi ya kasi ilikuwa imepasukia kwenye mfupa wa bega. Nyama ya juu ilikuwa imechakaa upana wa kiganja, vipande vya shaba vimetapakaa humo kama makapi, na mfupa umepata ufa tu. Mapafu yalikuwa mazima. Ile ya pili, ya kiunoni, sikuiona kabisa. Tatu-saba-tano ya kwanza ilikuwa imepita shingo na kusimama chini ya ngozi upande wa pili, nzima. Nikaitoa, nikaiweka mfukoni pamoja na ndugu yake.

Hapo ningeweza kufunga daftari, nikawaambia msiamini risasi za kasi. Lakini nilirudi pia mahali Ntakije alipopigia goti, nikatazama mstari wa kwenda kwa nyati. Kulikuwa na tawi, nene kama kidole gumba, limekatika upya, jeupe. Risasi ile nyepesi ikigusa tawi huanza kupasuka kabla haijafika. Kwa hiyo inawezekana ni tawi. Inawezekana lilikatwa na mtu au na nyati. Nilimwonyesha Bwana Mbwambo, akapiga magoti, akapima kwa macho, akasema hawezi kuapa. Nami siwezi. Aliamua kwamba za kasi ziwe za nguruwe, nyani na swala mahali pa wazi, na kwa nyati hakuna askari wa Kasulu atakayekwenda bila ile nzito, hata kama itabidi kungoja. Nilizitumia hivyo mpaka zikaisha, na kwa nguruwe sijapata nzuri kuliko zile. Migomba tuliendelea kuipiga, lakini mbele yake tulifunga mfupa wa bega la ng'ombe tuliouomba buchani.

Kwa hiyo, vijana wawili wa barazani, mkirudi, nitawauliza risasi yenu mmeipiga kwenye nini, na baada ya kupiga mmeichimba? Ukiulizwa mbele ya watu na hujui, sema hujui. Watakucheka. Mimi wamenicheka tangu hapo na bado nakula.

Mguu wa Ntakije uliunga, ukabaki mfupi. Hakurudi porini tena, alifundisha wapya kituoni mpaka alipostaafu. Yeye anashikilia kwamba ni tawi. Sasa ni mzee kweli, mjane, anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu, na kila jioni anakuja kwa fimbo kula kwetu. Leo alikuja na mvua, amejifunika gunia. Nilimsomea haya yote, kwa sababu yanamhusu na sikutaka kumsema mtu bila yeye kusikia. Alisikiliza amefumba macho.

"Umeandika tawi?" akauliza.

"Nimeandika."

"Nene kama kidole gumba?"

"Ndiyo."

"Lilikuwa nene zaidi." Akafumbua macho. "Na kwamba nilikucheka pale uani, umeandika?"

"Nimeandika, mzee."

"Iache hiyo ibaki." Na akanyoosha ule mguu mfupi karibu na moto.

Mke wangu, Mama Ester, alipakua ugali wa muhogo na maharage ya mawese, na dagaa wakavu walioletwa kutoka Kigoma. Akamwuliza Ntakije kama chumvi inatosha. "Sijui," akasema, akasukuma sahani aongezewe.